Tumbo la Boriti

Maiti ya mwisho ilitolewa mtoni Jumatano. Alhamisi asubuhi Inspekta Luc Kitsa alifika kwenye daraja la Musavuli akiwa na daftari moja, futi ya fundi cherehani na siku moja na nusu ya kazi.

Siku hiyo na nusu alipewa na Meja Josaphat, mkuu wa kambi ya waasi mjini Butembo. Meja alikuwa amekwisha kumkamata mtu wake. Alikuwa Muzee Stanislas, fundi mwashi wa Mususa, aliyelijenga daraja lile. Watu kumi na mmoja walikufa lori lilipoanguka, wanne kati yao askari wa Meja. Meja aliliita jambo hilo sabotage, yaani hujuma. Ijumaa saa tisa gari lingempeleka Stanislas Beni, mbele ya baraza la vita. Mwaka ule wa 2001 watu wa Mususa walikuwa wamewaona majirani zao watatu wakipelekwa mbele ya baraza hilo. Hawakuona hata mmoja akirudi.

"Andika PV yako, ripoti yako ya uchunguzi," Meja alimwambia Kitsa. "Beni banapenda karatasi. Mais Ijumaa saa tisa, karatasi iko ao haiko, muzee anapanda gari."

Kitsa alikuwa ofisa wa polisi ya mahakama tangu kabla ya vita. Serikali iliyompa kazi haikuwa na mtu tena Butembo. Aliendelea kwenda ofisini kwa sababu ufunguo ulibaki kwake.

Daraja lilikuwa fupi, mita tano tu. Lilikuwa na boriti tatu za zege, ambazo mafundi wa Butembo huziita putre, zimelazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake mbao nene za mkalitusi. Boriti mbili zilikuwa nzima. Ya tatu, ile iliyokuwa upande wa mto unakoteremkia, ilikuwa imekatika katikati. Nusu moja iliinamia maji, nyingine ilibaki ukingoni. Lori lilikuwa bado mtoni, magurudumu juu, na viazi vya Lubero vilikuwa vimeanza kuoza kwenye matope.

Mtu mmoja alisimama mwisho wa daraja akiwasaidia wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kupita mmoja mmoja. Jina lake Jephté. Alikuwa mpasua mbao, na nyumba yake ilikuwa hatua mia kutoka pale.

"Inspekta, hapana kanyaga pale," alisema. "Ile inangoja tu mutu munene."

"Mimi si munene."

"Ulikuwaka."

Kitsa alitafuta bomu kwanza, kwa sababu Meja alikuwa amesema bomu. Alikagua kila upande wa boriti iliyokatika, kisha mbao za juu, kisha majani ya ukingoni. Hakuona weusi wa moto. Hakuona shimo. Mbao zilikuwa zimevunjika kwa kukunjwa, si kwa kurushwa.

"Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa pale nakula."

"Ulisikia nini?"

"Kaaa. Sawa mutu anavunja mukate ya kukauka. Kiisha lori ikalala kidogo kidogo. Kiisha bamama."

Kitsa hakuuliza bamama walisema nini. Aliandika: hakuna mlipuko.

Sokoni watu walikuwa wakisema kwamba Stanislas alitia mchanga mwingi na kuiba saruji. Hilo nalo lilihitaji kupimwa. Kitsa alichukua spana ya magurudumu iliyokuwa imetupwa na lori, akaigonga boriti nzima, kisha iliyokatika. Mlio ulikuwa uleule. Alikwaruza zote mbili kwa msumari. Msumari uliacha mstari mweupe, basi. Akagonga tena kwa nguvu zote mpaka mkono ukamfa ganzi, na hakikubanduka kipande.

"Simenti ni simenti," alisema.

"Muzee Stanislas hapana mwizi," Jephté alisema. "Bale banasema vile, nyumba yabo ni ya matope. Simenti banaionea wapi?"

Kitsa alipiga magoti kwenye sehemu iliyokatika. Ndani ya zege kulikuwa na vyuma. Vinne vilikuwa vinene kama kidole gumba. Vilipita karibu na uso wa juu, chini tu ya mbao, na vilikuwa vimepinda kama ndoano lakini havikukatika. Karibu na uso wa chini kulikuwa na viwili vyembamba kama spoku ya baiskeli. Hivyo vilikuwa vimekatika vyote viwili. Alivipima kwa futi na kuandika vipimo. Hakujua vina maana gani. Katika kazi yake alizoea kuandika kwanza na kujua baadaye.

Ili apime vizuri alinyanyua ubao mmoja uliokuwa umelegea. Juu ya mgongo wa boriti kulikuwa na herufi moja, kubwa kama kiganja, imepakwa kwa lami. Herufi T.

Alivua viatu, akakunja suruali, akateremka majini. Maji yalimfika magotini. Alikwenda mpaka chini ya boriti mbili zilizobaki, akainua uso. Kila moja ilikuwa na herufi T ya lami. Zilikuwa chini, zikitazama maji.

Aliandika: mbili chini, moja juu. Akapiga mstari chini ya maneno hayo.

"Nani aliandika hizi T?"

"Muzee Stanislas. Na goudron. Putre zilikuwa bado zimelala kwa ubavu pale ukingoni, akaandika tatu zote siku moja."

"T ni nini?"

Jephté alitazama chukudu iliyokuwa ikija, ingawa ilikuwa bado mbali.

"Mimi nilisomaka mpaka deuxième primaire," alisema.

Kitsa aliandika jibu hilo pia.

* * *

Kambini, Stanislas alikuwa amefungwa katika chumba kilichokuwa ghala la kahawa. Mkewe, Mama Kavugho, alikuwa amemngoja Kitsa langoni tangu mchana. Alimpa viazi vya kuchemsha na mche wa sabuni ampelekee mumewe. Mlinzi alichukua viazi na kuacha sabuni.

"Hii hailiwi," mlinzi alisema.

Stanislas alikuwa na miaka sitini na kitu. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kwa sababu hiyo alikaa amejiegemeza ukutani, ameinyoosha mbele. Aliinusa sabuni kabla ya kuiweka chini.

"Kavugho ni muzima?"

"Ni mzima. Muzee, nataka unieleze daraja lako. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Hiyo hapana ngumu. Wewe haujue kitu." Akanyoosha mkono. "Toa viatu."

Kitsa akavua viatu. Stanislas aliviweka sakafuni, kimoja huku na kingine huku, akalaza mche wa sabuni juu yake kama daraja. Ulikuwa mche mrefu, wa sabuni ya mawese ya kienyeji, mkavu.

"Sasa finya pa katikati. Polepole. Angalia ufa itaanzia wapi."

Kitsa alibonyeza kwa kidole gumba. Sabuni ilijipinda kidogo, kisha ufa ukaonekana. Ulianzia chini, ukapanda.

"Chini," alisema.

"Njo vile. Putre iko na mugongo na iko na tumbo. Uzito ikikuja, mugongo inafinywa, tumbo inavutwa. Beto, hii zege, ukiifinya, inavumilia ata nyumba ya kanisa. Ukiivuta, ni mukate. Chuma yenyewe inapenda kuvutwa. Kwa hiyo chuma ya kinene naweka mu tumbo. Ine. Mu mugongo naweka mbili za bule, za kushikilia zingine kama bado natia beto. Hizi hazibebi kitu."

Kitsa alifungua daftari lake, akasoma vipimo vyake mara mbili kabla ya kusema.

"Muzee, ile iliyovunjika, vyuma vinene viko juu."

Stanislas alikiondoa kiatu kimoja cha Kitsa, na sabuni ikaanguka sakafuni.

"Ya wapi?"

"Ya tatu. Upande wa mto unakoteremkia."

"Ile haikuwekwa na mimi. Mbili nilizisimamia. Ile ya tatu, nilikuwa Lubero nazika mudogo yangu. Nzanzu njo alikamata batu ya salongo ya Siku ya Posho."

Nzanzu alikuwa msimamizi wake. Salongo ni kazi ya lazima ambayo wakaazi hufanya pamoja kila Jumamosi.

"Wangejuaje upande?"

"Niliandika. Mutu hapana kunijua angeweza kuona. T. Tumbo."

"Tumbo."

"Tumbo inaenda chini. Nani anatembeaka tumbo juu?"

"Nani alikufundisha kuandika?"

"Masomo ya bakubwa, mu parokia. Mwaka jana tu. Madame Florentine, yeye anafundishaka batoto kule ngambo ya daraja, mangaribi anatufundisha siye bazee. T, tumbo. Kulikuwa picha ya mwanamuke na mimba. Tulicheka mpaka akakasirika." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Inspekta, ile putre ilibeba wiki tatu."

"Ilibeba chukudu na miguu. Na jeep moja moja."

"Zile vyuma mbili za bule njo zilikuwa zinabeba." Stanislas alitikisa kichwa. "Kiisha lori ya viazi. Batu kumi na moja. Nzanzu alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani."

"Basi hapana mutu wa kuuliza."

"Yupo," Kitsa alisema, akavaa viatu vyake.

* * *

Ijumaa saa moja asubuhi Jephté alikuwa akichana ubao nyuma ya nyumba yake. Alipomwona Kitsa aliendelea kuvuta msumeno.

"Jana nilikuuliza T ni nini," Kitsa alisema. "Ukaniambia darasa lako. Sikukuuliza darasa lako."

"Inspekta, niko na kazi."

"Saa tisa Stanislas anapelekwa Beni."

Msumeno ulisimama. Jephté alikaa juu ya ubao aliokuwa akiuchana, akajipangusa vumbi usoni.

"Tulikuwa batu makumi ine," alisema. "Putre ilikuwa imelala kwa ubavu. Tukaiviringisha mara moja, T ikaenda chini. Ilienda chini yenyewe, Inspekta. Tulikuwa tayari kuisukuma. Nzanzu akasema, ngoja, hii barua, hii T, iko na maana. Mumoja akasema T ni terre, ardhi, inaenda chini. Mwingine akasema hapana, ni toit, paa, inaenda juu. Kitsongo, ule mulevi, akasema ni taxe, kodi, tuondoke mbele batulipishe. Tukacheka."

"Halafu?"

"Madame Florentine akapita, anatoka masomo. Nzanzu akatoa kofia. Akamuuliza, Madame, ku mambo ya putre, T ni nini? Yeye akaangalia. Akasema, inaweza kuwa tête. Kichwa. Nzanzu akasema, kichwa inakuwaka wapi? Juu. Aksanti Madame. Yeye akaenda zake. Hapana mutu aliteremuka kuangalia chini ya zile mbili. Siye tukageuza."

"Ilichukua muda gani?"

"Masaa mbili. Mutu mumoja alivunjika kidole." Jephté alitazama mikono yake. "Masaa mbili kuharibu kitu ilikuwa muzuri."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ningesema jina ya nani? Nzanzu amekufa. Inabaki Madame. Batoto yangu banne banasoma kwake."

Kitsa aliandika maelezo yake, akamsomea, akamwonyesha pa kutia kidole gumba. Jephté alitia.

* * *

Shule ilikuwa na vyumba vitatu na bati lililotobolewa na risasi. Florentine aliwatoa wanafunzi nje, akafuta ubao, akakaa kwenye dawati la mbele kama mwanafunzi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa sweta ya kijivu, chaki kwenye vidole.

Kitsa alifuata utaratibu wake. Kila PV aliyoandika kwa miaka kumi na tisa ilianza na maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule. Jina. Umri. Kazi. Na la nne, je, unamjua mshitakiwa, na ni nani kwako?

"Muzee Stanislas? Ni mwanafunzi wangu," Florentine alisema. "Masomo ya bakubwa. Ni wa kwanza mu kikundi chake. Banasema bazee ni bagumu, mais yeye anakamataga haraka."

Kitsa aliandika: ni mwanafunzi wake, alimfundisha kusoma na kuandika.

Kisha aligeuza ukurasa, akachora T kubwa, akaielekeza kwake.

"Siku ya salongo, Nzanzu alikuuliza hii ni nini."

"Ndiyo. Nilimwambia tête. Juu ya nini unauliza?"

"Stanislas ndiye aliyeiandika. Anasema ni tumbo. Ni upande unaopaswa kwenda chini. Waliuweka juu."

Nje, wanafunzi walikuwa wakiimba wimbo wa kuruka kamba. Florentine alilivuta daftari karibu yake.

"Picha ya mwanamuke wa mimba," alisema. "Ni mimi nilichora."

"Aliniambia."

"Kama wangeniuliza T ya Kiswahili, ningesema tumbo. Ningesema mbele ya kufikiri. Mais banauliza habari ya putre. Mambo ya beto ni Kifaransa, Inspekta. Mbunifu anasema Kifaransa, plani ni Kifaransa, ata gunia ya simenti imeandikwa Kifaransa. Nani anaandika tumbo ku daraja?" Alisugua chaki kwenye vidole lakini haikutoka. "Ningeuliza nani ameiandika. Ni neno moja tu. Nilikuwa na njaa, nilitaka kufika nyumbani."

"Hukujua."

"Rébecca wa kwa Kahongya alikuwa mu ile lori. Nilisimamia ubatizo ya mutoto wake."

Kitsa aliweka kalamu mezani.

"Madame, sijaandika hilo la tête. Nikiliandika, jina lako litasomwa kambini."

"Na kama hauandike?"

"Nitasema ni Nzanzu aliyesoma. Amekufa, hawezi kukanusha. Lakini Jephté ametia kidole kwenye maelezo yake, na wengine thelathini na tisa walikuwepo. Wakimhoji mmoja tu, karatasi yangu ni uongo, na Stanislas amekwisha."

"Hii ni kosa ao ni sabotage?"

"Ni kosa."

"Sheria inasema nini juu ya kosa?"

"Sheria inasema kosa la bila kukusudia haliendi mbele ya baraza la vita."

"Donc andika kosa," Florentine alisema. "Andika yote. Bamuachilie ule muzee."

Aliandika yote. Alimpa asome. Florentine alisoma taratibu, akachukua kalamu, akatia alama ndogo juu ya herufi ya pili katika neno tête, kwa sababu Kitsa alikuwa ameisahau. Kisha akatia saini.

* * *

Saa nane na nusu Kitsa alikuwa mbele ya meza ya Meja Josaphat. Meja hakuwa mtu wa Butembo. Alikuwa ametoka magharibi na uasi, Kiswahili chake kilichanganyika na Lingala, na alisoma haraka. Alisoma maelezo ya Jephté. Alisoma maelezo ya Stanislas. Ya Florentine aliyasoma mara mbili.

"Nieleze hii mambo ya tumbo."

Kitsa alimchorea boriti. Alimwonyesha mgongo unaobanwa na tumbo linalovutwa. Alimwonyesha vyuma vinne na vyuma viwili, mahali vilipopaswa kuwa na mahali alipovikuta. Meja alisikiliza vizuri. Aliuliza kwa nini boriti ilibeba wiki tatu, akaelezwa, akaelewa mara moja.

"Hakuna bomu," Kitsa alisema. "Hakuna wizi wa saruji. Mtu mmoja aliandika kwa Kiswahili, mwingine akasoma kwa Kifaransa. Ni kosa, Meja. Naomba umwachilie fundi."

Meja alivuta mchoro ule upande wake.

"Donc ukigeuza putre, kwa macho haionekane."

"Haionekani."

"Inangoja kitu kizito."

"Ndiyo."

"Lori. Ya mizigo, ao ya basoda."

"Lori lolote, Meja. Lilikuwa la viazi."

"Na basoda banne juu yake. Wewe, Inspekta, ulikuwa unajua hii kitu mbele ya jana?"

"Hapana."

"Mimi pia te, sikujua. Basoda yangu te. Bale batu makumi ine te. Nani alijua?" Meja alihesabu kwa vidole, bila haraka. "Fundi. Anaandika barua moja yenye batu hawaelewi. Siku ya kuweka putre, yeye haiko, ameenda Lubero. Saa ile ile mwalimu wake anapita njia. Anasoma ile barua. Inageuzwa. Bote babili mikono yabo ni safi."

"Alikuwa anazika. Kuna kaburi Lubero, unaweza kutuma mtu."

"Kaburi haikosekane."

"Mwalimu anapita pale kila siku. Ndiyo njia yake ya nyumbani."

"Unaniambia hawajuane?"

Kitsa aliitazama karatasi iliyokuwa mezani.

"Mustari ya ine," Meja alisema, akaweka kidole kwenye karatasi. "Ni mwanafunzi wake, alimfundisha kusoma na kuandika. Alimfundisha ile barua yenyewe. Ni wewe umeandika."

"Hilo ni swali la kila PV. Nauliza kila mtu."

"Njo maana naliamini."

"Nirudishie hiyo karatasi. Nitaandika upya. Niliandika vibaya, mwanamke alikuwa analia, sikusikia vizuri."

"Hakulia." Meja aliigeuza karatasi ili Kitsa aione. "Angalia. Amesahihisha Kifaransa yako. Mutu anasahihisha ni mutu amesoma yote. Na saini."

Alifungua droo, akatoa muhuri, akaupigia muhuri ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kitsa alinyoosha mkono juu ya meza. Askari aliyekuwa mlangoni alisogea hatua moja, na mkono ukarudi.

"Jana nilikuwa na muzee mumoja na hadisi ya bomu," Meja alisema. "Beni bangenicheka. Leo niko na complot, njama ya batu babili, na plani, na vipimo. Kazi ya muzuri."

"Basi niandike na mimi. Sema nilikuwa nao."

"Wewe ni shahidi. Shahidi hatumuguse, tunamuhitaji." Meja alimwita askari kwa Lingala, akamwambia achukue jeep aende shuleni ng'ambo ya daraja. Kisha akamrudia Kitsa. "Likambo te, Inspekta. Hakuna shida. Nenda upumzike."

* * *

Jeep ilirudi kabla ya saa tisa. Florentine alikuwa bado amevaa sweta ya kijivu. Walimwingiza kwenye kamioneti, nyuma, ambamo Stanislas alikuwa ameketi tayari mikono imefungwa. Muzee alimtazama bila kuelewa. Kisha akavuta miguu yake iliyovimba, mmoja baada ya mwingine, ili apate mahali.

"Madame, na wewe juu ya nini?"

"Nilisoma vibaya, Muzee."

"Ni mimi niliandika mubaya."

"Hapana. Uliandika muzuri."

Askari akawaambia wanyamaze.

Kitsa alisimama uwanjani mpaka gari lilipotoka langoni na kushika njia ya Beni. Karani wa kambi alimfuata mbio na nakala ya PV, kwa sababu sheria inamtaka aliyeiandika apewe nakala. Kitsa aliipokea. Langoni Mama Kavugho alikuwa amesimama mahali alipokuwa jana, vumbi la gari likiwa bado usoni pake. Hakulia. Alitazama ile karatasi.

"Inspekta, uliandika nini?"

"Niliandika ukweli, Mama."

"Uliandika alifanya mubaya?"

"Niliandika hakufanya kitu."

"Basi juu ya nini banamupeleka?"

Mama Kavugho aligusa ukingo wa karatasi kwa kidole kimoja.

"Mimi sikusomaka," alisema. "Nisomee."

Kitsa akaanza kusoma. Akasoma tarehe na mahali. Akasoma jina la Florentine, umri wake, kazi yake. Alipofika mstari wa nne alinyamaza.

"Endelea," Mama Kavugho alisema.